Maswali yenu kwa Shangazi: mkienda kituoni ulizeni kwanza mama anatoka kazini saa ngapi

Haya wapendwa, barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja. Likizo za vyuo zinakaribia na vikundi vya wanafunzi wanaojiandaa na safari za misheni vinaniandikia, wamepangiwa kutembelea vile vituo vya jamii ambako wazazi wanaofanya kazi wanaacha watoto mchana, wakubwa wanakuja kufanya homuweki baada ya shule, na jioni mara kuna darasa la watu wazima mara kikao cha kuweka akiba. Mi nimefanya kazi kwenye kituo cha namna hiyo miaka 11, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi niliyekuja kutembelea na gitaa mgongoni, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za ule mlango. Nimechagua barua tano, nyingine mtanisamehe.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kiongozi wa wanafunzi 14, tunaenda misheni siku 8 na kwenye ratiba tuna vituo vitatu vya familia za wafanyakazi. Tumeandaa nyimbo, igizo, maputo, pipi na zawadi ndogo ndogo. Nilimpigia simu mama anayesimamia kituo cha kwanza kumweleza tulivyo na hamu, yeye akawa anauliza tu mtafika saa ngapi, mtaondoka saa ngapi, mko wangapi, halafu akasema tusije jioni na tusije wote kwa pamoja. Wenzangu wamevunjika moyo wanasema hatutakiwi pale, tutafute kituo kingine. Sisi tulitaka jioni ndo wazazi nao watuone. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mama msimwache, tena kati ya vituo vyenu vitatu mi ningeanza na cha kwake, maana msimamizi anayeuliza mnaondoka saa ngapi ni mtu anayejua siku ya kituo chake imekaaje na hataki mtu aivuruge. Wasiwasi wangu uko kwa yule atakayewaambia karibuni tu muda wowote njooni mlivyo.

Ngoja nikueleze jioni ya kituo. Mzazi anafika ametoka shifti, pengine alisimama masaa 9, pengine amepanda magari mawili, bado amevaa sare. Pale mlangoni kuna dakika mbili tatu hivi ambazo mlezi anamwambia leo kala vizuri, kalala saa moja tu, joto lilipanda kidogo mchana likashuka, kajifunza kufunga viatu mwenyewe. Hizo dakika ndo siku nzima ya mtoto anayopewa mama yake, hana nyingine. Ukileta watu 14 wanaimba pale mlangoni, mlezi anapiga kelele ili asikike, mama anaitikia tu ee sawa sawa huku anatafuta begi, anaondoka hajui kama mtoto alikuwa na joto. Usiku likipanda tena hajui lilianza lini.

Na kuna siku moja mi siisahau. Ilikuja timu nzuri, vijana wenye upendo wa kweli, walikaa mpaka jioni na maputo na ngoma. Kulikuwa na mama mmoja anafanya usafi wa maofisi, anaondoka nyumbani alfajiri mtoto akiwa amelala, anamwacha kwa dada yake ambaye ndo humleta kituoni asubuhi. Akafika mlangoni akachuchumaa akafungua mikono kama kila siku. Binti yake wa miaka mitatu akamwangalia, akageuka, akaukumbatia mguu wa kijana wa wageni akalia hataki kwenda nyumbani. Wageni wakacheka kwa furaha, mmoja akasema jamani anatupenda huyu. Mi nilikuwa namtazama mama. Alishusha mikono polepole, akaitia kwenye mifuko ya koti la kazi, akabaki amechuchumaa vilevile anasubiri. Alikuwa hajamwona mtoto akiwa macho tangu jana yake usiku. Hakuna mtu aliyefanya kosa la makusudi pale, wale vijana walikuwa wamefanya hasa walichofundishwa wakafanye, lakini kile walichokuja kukitoa walikitoa kwenye zamu ya mtu mwingine.

Ndo maana anakwambia msije jioni.

Kuhusu pipi na zawadi nikupe kisa cha zamani kidogo. Mwaka 1889 wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walifungua nyumba inaitwa Hull House huko Chicago katikati ya mtaa wa wahamiaji wanaofanya kazi viwandani, na vituo vingi vya jamii vya leo vina damu ya nyumba ile. Krismasi yao ya kwanza wakawaandalia watoto wa jirani pipi, na wasichana kadhaa wadogo wakakataa. Walisema wanafanya kazi kwenye kiwanda cha pipi na hawawezi hata kuziangalia. Wenyeji wakaja kugundua kwamba kwa wiki 6 kabla ya sikukuu watoto wale walikuwa wanafanya kazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku. Addams mwenyewe ndiye aliyekisimulia baadaye, na nadhani alikisimulia kwa sababu kilimuuma, alikuwa ameleta zawadi kabla hajauliza watu wale siku yao inapitaje. Wewe una simu, una namba ya mama msimamizi, ya kwako ni rahisi kuliko ya kwake. Mpigie tena umwambie mama tumeelewa, tuambie saa gani mikono inapungua pale kwenu.

Atakachokujibu siwezi kukisemea ila kwa uzoefu wangu mara nyingi ni katikati ya asubuhi na ile saa ya homuweki. Mkienda wanne wanne inatosha. Siku ya kwanza msifanye chochote cha kuandaa, kaeni chini kwenye vile viti vidogo mwangalie watoto wanavyocheza na walezi wanavyozungumza nao. Msione ni kupoteza siku. Daktari Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mtaa wa San Lorenzo jijini Rome, Januari 1907, ilikuwa ni kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi walioachwa peke yao kwenye jengo mchana wakawa wanachafua kuta na kuharibu ngazi, wenye jengo wakatoa chumba ili wakusanywe. Yeye akaanza kwa kuwatazama kwa makini sana, na karibu yote aliyokuja kuwafundisha walimu duniani yalitoka kwenye kule kutazama.

Halafu saa ya homuweki kila mwanafunzi mmoja apewe watoto wawili, na wawe walewale siku zote mtakazokuwa hapo, msibadilishane. Igizo lenu lipelekeni siku ya katikati, lisiwe la mwisho. Maputo yaacheni kabisa kama kuna watoto chini ya miaka minane maana kipande cha mpira kikimkaba mtoto kooni ni hatari kweli.

SWALI: Shangazi naomba unisaidie, naandika huku nalia. Mwaka jana kwenye misheni nilikaa na mtoto mmoja wa kituo siku 6, ana miaka kama minne, aliniganda kabisa, analala mapajani kwangu, siku ya mwisho akaniuliza utakuja kesho? nikasema ndiyo kwa sababu nilishindwa kusema hapana. Sijarudi na sitaweza kurudi. Nimesoma mtandaoni kwamba watu kama sisi tunawaumiza watoto maisha yao yote. Ni kweli nimemharibu?

JIBU: Pole sana binti yangu. Hapana, hujamharibu, na nitakwambia kwa nini, halafu nitakwambia pia ni wapi ulikosea maana najua hutaki kupakwa mafuta.

Ulichosoma mtandaoni kwa sehemu kubwa kinahusu makao ya watoto, yaani kule mtoto analala, hana mzazi anayekuja kumchukua, na walezi wanabadilika badilika, halafu juu yake wanakuja wageni kila mwezi wanapendana naye wanaondoka. Huko ni jambo zito kweli. Daktari wa Uingereza John Bowlby aliandika ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 kuhusu watoto waliokosa mtu mmoja wa kudumu wa kuwalea, na toka wakati huo watu wengi wanaohusika na watoto wanajua kwamba mtoto anahitaji mtu asiyeondoka. Sasa mtoto wako wa kituo cha mchana anaye huyo mtu, anakuja jioni amechoka na sare ya kazi. Huyo ndo nguzo yake. Wewe ulikuwa mgeni aliyependwa kwa wiki moja, na mtoto wa miaka minne mwenye nyumbani kwake anaweza kumkosa mgeni akalia siku mbili tatu akaendelea vizuri.

Ila ile ndiyo uliyosema, hiyo ndo iliyokuwa kosa. Mtoto wa umri ule anajua kesho ni nini. Asubuhi yake kuna mlezi pale ambaye alilazimika kujibu swali ambalo wewe hukulijibu, na pengine alijibu mara kumi. Kwa hiyo mwandikie huyo mlezi, sio mtoto. Mwambie niliahidi kitu ambacho sikuweza, naomba radhi nilikuachia mzigo, na kama unaona itafaa mwambie kwamba dada yule alirudi nyumbani kwao mbali na anakumbuka mlivyosoma pamoja. Mlezi ndo atajua kama amweleze au jambo limeshapoa asiliamshe. Usitume zawadi kwa mtoto mmoja, watoto 30 watakuwa wanaangalia.

Na safari nyingine anza kuaga siku ya kwanza. Kweli kabisa, siku ya kwanza. Chora visanduku sita kwenye karatasi uibandike chini ukutani pale wanapofikia watoto, kila siku mkatie alama kimoja pamoja naye, mwambie vikiisha mi naenda nyumbani kwa mama yangu kama wewe unavyoenda kwa mama yako. Atalia siku ya sita, na wewe utalia, lakini atakuwa hajadanganywa.

SWALI: Shangazi, mi ni mzazi, watoto wangu wawili wanakaa kituoni nikiwa kazini. Walikuja wanafunzi wa misheni, watu wazuri sina ubaya nao, baadaye jirani akanionyesha kwenye simu picha ya mwanangu mdogo, pua inatoka kamasi, nguo imechanika maana ni ya kuchezea, na chini wameandika maneno ya kuwaonea huruma watoto waliosahaulika. Mwanangu hajasahaulika Shangazi. Nafanya kazi zamu mbili. Naogopa kulalamika kituo kisinione mkorofi, wananisaidia sana. Je nina haki yoyote?

JIBU: Mama, nimesoma hiyo sentensi yako ya mwanangu hajasahaulika nikaacha kalamu nikainuka nikatembea kidogo.

Haki unayo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 16, unasema mtoto asiingiliwe faragha yake na asishambuliwe heshima na jina lake, na karibu nchi zote duniani zimeuridhia. Sheria ndogo ndogo za picha zinatofautiana nchi na nchi, ila huhitaji kwenda mahakamani kwa hili. Nenda kwa msimamizi wakati ambao sio wa kuchukua watoto, ukiwa na hiyo picha kwenye simu ya jirani, mwambie kwa utulivu: hii picha sikuiruhusu, naomba iondolewe, na maneno haya si kweli kuhusu familia yangu. Basi, usiongeze. Msimamizi ana mawasiliano ya kikundi, dakika tano inashuka. Na hutaonekana mkorofi, niamini, mi nimekaa kwenye hiyo ofisi, mzazi akija na jambo kama lako unamshukuru kwa sababu na wengine kumi wameliona wakanyamaza. Kama wale wanafunzi hawajibu, mitandao mingi mikubwa ina sehemu ya kuripoti picha ya mtoto wako iliyowekwa bila idhini.

Sasa niwageukie wanafunzi maana najua mnasoma. Kituoni kwetu alikuwepo mama aliyehama kumkimbia mwanaume aliyekuwa anampiga, hakuna aliyejua alipo zaidi ya watu watatu. Picha moja ya watoto wanacheza, nyuma ukutani jina la kituo linasomeka, na mtoto wake yumo. Tuliiwahi, lakini yule mama hakulala kwa wiki. Hamwezi kujua ni mtoto yupi kati ya wale 30, na msimamizi hawezi kuwaambia, hiyo ni siri ya mzazi. Kwa hiyo simu ziwekeni kwenye begi mpaka mtoke nje ya geti. Wafadhili wenu wakitaka picha, pigeni picha ya rafu mliyotengeneza, mikono yenu ikipaka rangi, kitabu kilichofunguliwa. Na hata mzazi akisaini fomu ya ruhusa jiulizeni kama aliweza kukataa, mtu anayetegemea kituo ili asifukuzwe kazi anasaini chochote unachomwekea mbele.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kituo tulichopangiwa kimesema tukifika hakuna kuhubiri kwa watoto kwa sababu familia zao ni za dini tofauti. Kikundi chetu kimegawanyika, wengine wanasema basi hiyo si misheni tena, ni kwenda kufanya kazi ya yaya tu. Mimi niko katikati sijui nisimamie wapi.

JIBU: Marahaba. Nitajibu mimi kama mtu wa imani, sio kama mtu wa nje.

Mama anapomwacha mtoto wa miaka mitatu kwenye mikono yako saa kumi na mbili asubuhi, amekuamini na kitu ambacho yeye mwenyewe hayupo kukilinda. Kumpa mtoto mafundisho ya dini ambayo mzazi wake hajui na hakukubali, wakati yuko kazini hawezi kusema neno, hapo unamchukulia kitu mtu ambaye hayupo. Mzazi akikukuta barabarani akakuuliza wewe unaamini nini, mweleze kwa moyo wako wote, yeye ni mtu mzima. Mtoto aliyelala kwenye godoro la kituo mwache.

Na hilo neno kazi ya yaya tu, hilo nalikataa kabisa. Mnajua vituo hivi vilitoka wapi? Samuel Barnett alikuwa kasisi wa parokia huko Whitechapel, mashariki ya London, parokia maskini kweli. Yeye na mkewe Henrietta mwaka 1884 wakaanzisha Toynbee Hall na kuwaita wanafunzi na wahitimu kutoka vyuo vya Oxford na Cambridge waje kuishi pale. Kuishi namaanisha kulala pale, kujua majirani, kujifunza kwao huku wakifundisha madarasa ya jioni. Mmoja wa waliopita pale akiwa kijana ni William Beveridge, ambaye mwaka 1942 ndiye aliyeandika ile ripoti iliyojenga mfumo wa hifadhi ya jamii wa Uingereza. Addams aliitembelea Toynbee Hall kabla ya kufungua Hull House. Sasa angalia Addams alikuta nini Chicago. Watoto watatu wa kwanza wenye ulemavu aliokutana nao mtaani wote walikuwa wameumia mama zao wakiwa kazini: mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofa, wa pili aliungua moto, wa tatu uti wa mgongo ulipinda kwa sababu miaka mitatu alikuwa anafungwa mchana kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni, anafunguliwa tu saa ya chakula kaka yake anapotoka mbio kiwandani kuja kula naye.

Somea wenzako hiyo habari ya meza kwenye kikao chenu halafu muulizane tena kama ni kazi ya yaya tu. Yule mama hakuwa katili, alikuwa hana pa kumweka mtoto. Kituo ndo jibu la ile kamba. Na wale waliokaa pale Hull House hawakuishia kwenye kulea, walihesabu, waliandika, walikwenda kusumbua wabunge, na mwaka 1893 jimbo la Illinois likapitisha sheria ya kukataza watoto chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, na Florence Kelley aliyekuwa anaishi Hull House akapewa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda.

Kwa hiyo simama upande wa kituo, na uwaambie wenzako kwa upole. Asubuhi kabla hamjatoka mlipolala salini pamoja mpaka mtosheke, jioni mkirudi salini tena kwa majina ya watoto mliokaa nao. Mchana mchukue nepi.

SWALI: Shangazi naomba usiandike ninapofanya kazi. Mimi ni mlezi kituoni. Wageni wa misheni wakija kazi yangu inakuwa mara mbili, nasafisha kabla hawajaja, watoto hawalali mchana kwa sababu kuna ngoma, wanachanganyikiwa, wakiondoka nabaki natuliza watoto na kuokota. Mwaka juzi walipaka ukuta rangi ambao ulikuwa umeshapakwa na wengine waliotangulia. Nasikia aibu kusema maana wanachangia. Natamani niwaambie wasije kabisa.

JIBU: Mdogo wangu, hujakosea kutamani hivo na hujawa na roho mbaya. Kuna mtu alishalisema waziwazi tena mbele yao, padri Ivan Illich, Aprili 1968, aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanakwenda Mexico kujitolea: njooni mtazame, njooni mpande milima yetu, njooni msome, ila msije kusaidia. Maneno makali, na wanafunzi waliyasikia ukumbini wakiwa wamekaa. Mi nakubaliana naye zaidi ya nusu. Ile sehemu ninayobaki nyuma ni kwamba nimeona kwa macho yangu kijana aliyekuja kuangalia akaondoka akasomea malezi ya watoto, na sasa anasimamia kituo kwao. Kwa hiyo sisemi wasije. Nasema aje yule anayeweza kuambiwa cha kufanya na mtu kama wewe.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaliona kwenye barua yoyote ya wanafunzi mwaka huu, hata moja. Kituo ni cha familia zinazofanya kazi, sawa, na wewe mlezi je? Mtoto wako wewe sa hivi yuko na nani? Najua jibu kwa sababu lilikuwa langu miaka 11, wangu alikuwa kwa jirani. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia na unataka nchi ziendeleze huduma za kulea watoto, na hao wafanyakazi ni pamoja na wewe unayewalea watoto wa wenzako. Wageni wanapanga zawadi za watoto, wanapanga neno la kuwatia moyo wazazi, mlezi anaonekana kama sehemu ya chumba.

Fanya hivi. Kaa na wenzako mkiwa mmetulia, andikeni karatasi moja tu, upande mmoja. Juu kabisa saa ambazo hamtaki mtu: saa ya kulala na saa ya kuchukuliwa. Chini yake kazi ambazo kweli zinawaelemea, ziandikwe kwa majina yake, sio tunahitaji msaada. Andikeni kuingiza daftari la mahudhurio la miaka miwili kwenye kompyuta. Bawaba ya mlango wa choo. Kuosha vitu vya kuchezea kimoja kimoja na kuvianika, kazi ambayo kila mtu anajua inatakiwa na hakuna anayepata nafasi. Kushona mifuko ya vitabu. Kusoma kwa sauti na watoto wawili walewale siku tano mfululizo. Na andikeni hii msione haya: kukaa na kikundi cha wakubwa pamoja na mlezi mmoja ili mlezi wa pili aende nyumbani masaa mawili mapema. Asiachwe mgeni peke yake na watoto hata dakika moja, hata awe mzuri vipi, hiyo ni sheria ya kituo chochote kinachojali, na sehemu nyingi anatakiwa kwanza awe amekaguliwa rekodi yake polisi ndo aruhusiwe kukaa na watoto.

Chini kabisa andikeni mambo ambayo hamhitaji, rangi ya ukuta iwe ya kwanza. Kama wana pesa ya rangi, waulizeni kwa adabu kama inaweza kulipia mafunzo ya huduma ya kwanza kwa walezi wote.

Halafu mpeni msimamizi awe anaituma kwa kila kikundi kinachopiga simu, kabla hawajakata tiketi. Watakaokasirika hawatakuja. Yule kijana wa barua ya kwanza mwenye wenzake 14 nimemwandikia pembeni, nimemwambia kama vituo vyake havina karatasi ya namna hiyo basi siku ya kwanza waombe walezi wawaandikie, na kuanzia kesho yake kila siku mlezi mmoja atoke mapema. Amenijibu usiku huohuo, anauliza mapema kwa masaa mawili au matatu.